Nozeli ya Tano

Nilitoa nozeli nne kwenye injini ya gari langu, nikazipanga mezani juu ya karatasi nyeupe, nikaenda kunawa mikono.

Niliporudi zilikuwa tano.

Someni tena taratibu. Tano.

Najua kuna kijana ameshaanza kuandika huko chini, "Mzee, hiyo chai, unatudanganya." Kijana, tulia. Nina miaka sabini na miwili, sinywi, sivuti, na miwani naivaa kwa heshima tu.

Halafu kuhesabu ndiyo kazi iliyonilea. Nimekuwa mtunza stoo miaka thelathini na mmoja. Misumari, balbu, matairi, mabati, vyote vimepita mikononi mwangu, na siku nilipostaafu hesabu ilikuwa imekaa sawa mpaka msumari wa mwisho.

Kwa hiyo nikisema tano, ni tano.

Ngoja niwaeleze nilivyofika hapo.

Mimi ni msomi wa jioni. Nilirudi shule nikiwa na miaka thelathini na sita, baada ya kazi, nikakaa dawati moja na kijana ambaye wiki mbili nzima aliniita "mwalimu" na kunionyesha daftari lake nisahihishe. Nikalisahihisha. Nikapata cheti.

Sikuishia hapo. Nikasoma ufundi wa magari kwa njia ya posta, masomo kumi na mawili. Mtihani ulikuja kwenye bahasha. Nikajifungia chumbani, nikajisimamia mwenyewe, na ninaapa sikuiba.

Cheti cha pili.

Vyote viwili viko sebuleni kwenye fremu, usawa wa macho ya mgeni akishakaa.

Tangu hapo ninalo Daftari la Matengenezo. Kila kitu kilichoharibika ndani ya nyumba yangu nikakitengeneza kimeandikwa humo: tarehe, kifaa, tatizo. Safu ya mwisho ina kichwa "Fundi". Ukilifungua daftari utaona safu hiyo imejaa neno moja tangu ukurasa wa kwanza.

Mimi.

Redio: Mimi. Pasi: Mimi. Saa ya ukutani: Mimi. Bomba la jikoni: Mimi, mara nne.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea nyumbani sare za shule, kwenye meza kubwa iliyo chini ya dirisha, mguu haupumziki. Hakuvuka darasa la nne, lakini ni mwanamke mwenye akili zake. Nimekuwa nikimwambia hivyo mara kwa mara ili asijisikie vibaya.

Sasa, gari.

Mwezi uliopita lilianza kumisi. Likisimama linatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukikanyaga mafuta linakohoa, linawaza, ndipo linakubali kuondoka. Lilinizimikia mara tatu, na ya tatu ilikuwa katikati ya njia panda, mwanangu mkubwa akiwa ndani.

Mwanangu ni mtu wa ofisi. Ana viatu vya ncha na tai. Akashuka akasukuma. Madereva wa nyuma wakampigia honi kana kwamba yeye ndiye injini.

Alipofika nyumbani hakukaa hata kwenye kiti.

"Baba, hili gari liuzwe."

"Nami niende na nini?"

"Tutakuwa tunakupeleka."

"Hiyo 'tutakuwa' ni siku gani ya wiki?"

"Baba, bwana!"

"Nauliza tu. Nataka niiandike."

Mnaosoma hapa mkiwa vijana mtacheka. Ngoja mzeeke. Mtu anayepelekwa ni mzigo. Mizigo nimeipokea miaka thelathini na mmoja, najua maisha yake: inashushwa penye nafasi, inafunikwa isipate vumbi, inasubiri mwenye muda.

Sikutaka kufunikwa.

Mke wangu akaingilia kati, uzi mdomoni. "Jumamosi si tunaenda kwenye mahafali ya mtoto? Baba aende na gari lake. Likifika, basi yaishe."

Mtoto ni mjukuu wetu, binti wa huyo huyo mwenye tai. Amelelewa nyumbani kwetu tangu akiwa mdogo, na sasa alikuwa anamaliza chuo cha ufundi, fani ya magari. Chuo kipo kilomita sabini. Mnaelewa damu ya nani hiyo.

Mwanangu akafikiri. "Sawa. Likifika bila kuzima, Baba ubaki na ufunguo, sitasema tena. Likizima hata mara moja, Jumatatu naleta mnunuzi. Na nitakuwa nyuma yenu."

"Nyuma yangu umekuwa tangu kuzaliwa," nikamwambia. "Hilo halinitishi."

Lilinitisha.

Ijumaa asubuhi nikafungua kitabu, Somo la Saba. Kitabu kinasema gari likikohoa, tazama nozeli, vile vimirija vinavyonyunyizia petroli ndani ya silinda. Silinda nne, nozeli nne. Zikiziba, zitolewe zisafishwe.

Nikavaa ovaroli. Mke wangu akaacha kushona, akaja dirishani.

"Baba, umelisikiliza kwanza?"

"Nisikilize nini?"

"Injini. Kama kuna moja haisemi."

Nikacheka kwa upole. "Mama, injini haisemi. Injini inasomwa."

Akarudi kwenye cherehani yake.

Kwa faida ya wasomaji, kazi yenyewe inakwenda hivi. Kwanza unaondoa presha ya mafuta. Chomoa fyuzi ya pampu, washa gari, liache linywe kilichobaki bombani mpaka lizime lenyewe. Wasiosoma hufungua hivi hivi, petroli inawarukia machoni, halafu wanalaumu majirani.

Ukimaliza, fungua waya hasi wa betri. Kisha chomoa plagi za umeme, moja kila nozeli. Usivute waya, bonyeza kibanio.

Kisha bolti za lile bomba refu ambalo nozeli huning'inia chini yake kama chuchu za ng'ombe. Unalichezesha kushoto, kulia, bila hasira, mpaka linang'oka na nozeli zake zote. Yale matundu manne yaliyobaki unayaziba kwa vitambaa safi. Mimi nilichukua kwenye kikapu cha mabaki cha mke wangu, bluu ya shule ya msingi.

Halafu, na hili hamtalikuta kitabuni, kila nozeli niliipaka namba kwa ule wino mweupe wa kufutia makosa ya maandishi. Moja, mbili, tatu, nne. Mtunza stoo haachi kitu bila namba.

Nikazisafisha. Nikazipanga kwenye meza ya mke wangu, juu ya karatasi. Nikaenda bafuni.

Kwa kawaida nikinawa mikono nachukua dakika kumi. Kidole kwa kidole. Siku hiyo sabuni ilikuwa imeisha, nikarudi mara moja kuulizia nyingine.

Tano.

Mke wangu alikuwa ameinamia cherehani akiipiga kwa kasi ya ajabu. Sikuona kitambaa chini ya sindano, lakini ushonaji si fani yangu.

"Mama, nani ameingia humu?"

"Aingie nani?"

"Kuna nozeli imezidi."

Mguu ukasimama. "Imezidi?"

"Zilikuwa nne. Sasa ni tano. Hii hapa kando ya namba tatu haina namba."

Akaja akaitazama kama mtu anayeona nozeli kwa mara ya kwanza maishani. "Labda hukuihesabu."

"Mimi? Nisihesabu?"

"Basi toa iliyo mbovu, weka nzima. Yaishe."

"Hapa hakuna mbovu wala nzima mpaka daftari liseme."

Nieleweni. Stoo kitu kikipungua ni jambo jepesi: kuna mwizi. Kikizidi ndipo mtunza stoo anakosa usingizi, maana hapo daftari lenyewe ni la uongo. Kila nilipokuta kilichozidi nilifanya jambo moja tu. Nilitafuta rafu yake, kwa sababu hakuna kitu kilichoumbwa bila rafu.

Basi hii nozeli ilikuwa na tundu lake mahali fulani ndani ya injini. Kazi yangu ilikuwa kulipata.

Nikaipaka namba tano. Nikazifunga zote kwenye leso, nikaitia leso mfukoni isije ikazaa tena, nikaingia chini ya gari.

Nilitafuta tundu la tano kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri.

Nilikuwa na tochi na kioo cha kujitazamia cha mke wangu. Nilipata bolti isiyojulikana, mjusi mkavu, na kalamu niliyomtuhumu jirani kwayo miaka miwili iliyopita. Tundu sikuliona.

Nilipochungulia nje nikaona viatu vyenye grisi.

"Shikamoo, Mzee wa Stoo."

"Marahaba."

"Vipi, umelala au umeangukiwa?"

Huyo ndiye fundi wa mtaa. Hana cheti hata cha kuzaliwa, lakini mtaa mzima unamwita Profesa. Mimi nina vyeti viwili ukutani na wananiita Mzee wa Stoo. Sina kinyongo. Nimelitaja tu.

Nikatoka, nikajifuta, nikafungua leso mbele yake.

"Profesa, wewe umefungua injini nyingi."

"Za kutosha kula."

"Umewahi kuona ya silinda nne yenye nozeli tano?"

Akaitazama ile ya tano. Akamtazama mke wangu dirishani. Mke wangu akatazama dari.

"Mimi sijasoma, mzee," Profesa akasema. "Huenda kuna ukurasa sijaufikia."

"Hilo nalo kweli."

"Ila ningekuwa mimi, ningejaribu..."

"Ungekuwa wewe ungepiga nyundo. Asante, Profesa, nenda salama."

Akaenda akitikisika mabega. Nilidhani ni kikohozi.

Nikakaa kwenye ngazi ya mlango nikafikiri kisomi. Gari lina tairi nne, lakini ndani yake zipo tano. Ya tano ni ya nini?

Ya akiba!

Nikasimama. Kama kuna tairi ya akiba, kitu gani kinamzuia mtengenezaji kuficha nozeli ya akiba? Anaificha mahali ambapo hata fundi haoni, siku mwenye bahati akifungua inadondoka yenyewe. Nilihisi nimeandika somo la kumi na tatu.

Nikaingia ndani kumpasha mke wangu habari. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkasi mkononi.

"Kwa hiyo unarudisha nne, moja inakaa akiba."

"Hasa."

"Si uiweke akiba ile namba tatu?"

"Kwa nini tatu?"

"Naiona tu... imekaa vibaya."

"Mama, ufundi si sura. Stoo kuna utaratibu: kilichotangulia kuingia ndicho kinatangulia kutoka. Namba moja ndiyo ya kwanza. Namba moja inapumzika."

Akafumba macho kidogo. Nikajua amelewa na elimu.

Nikazivalisha zote nne oringi mpya, vile vipete vya mpira vinavyozuia petroli isivuje, nikazipaka tone la oili, nikazirudisha: mbili, tatu, nne, tano. Namba moja nikaizungushia leso nikaiweka mfuko wa ndani wa koti langu la mahafali. Nilipanga kuwaonyesha wahadhiri.

Nikarudisha fyuzi na betri. Nikawasha.

Lilikohoa. Likatetemeka. Likawaza.

Mke wangu akaja dirishani.

"Oringi bado hazijakaa!" nikatangaza, kwa mtaa mzima kwa ujumla. "Kiatu kipya nacho hubana siku ya kwanza!"

Lakini kusema kweli, jioni ile chakula hakikupita vizuri. Nilikuwa naona kile kilima cha nusu ya njia, naona gari linazima katikati yake, naona viatu vya ncha vinashuka nyuma yangu.

Jumamosi nilipoamka mke wangu hakuwa kitandani. Kulikuwa kumekucha. Nikasimama mbele ya kioo kufanyia mazoezi hotuba yangu, maana katika familia yoyote huenda mzee akaombwa kusema mawili matatu. Mazoezi yalichukua karibu saa nzima. Sauti yangu ina nguvu, nikiwa nahutubia sisikii cha nje.

Nilipomaliza alikuwa bafuni ananawa mikono. Alinawa muda mrefu kunishinda mimi.

Saa mbili mwanangu akafika, gari lake likinguruma taratibu kama la serikali. "Baba, uko tayari?"

"Nilizaliwa tayari."

Nikaingia, nikasema bismillahi, nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Nikazungusha tena, stata ikapiga yowe, na mke wangu akanishika mkono. "Baba, limeshawaka."

Lilikuwa limeshawaka. Halikuwa na mtetemo wala kikohozi. Liliunguruma kama cherehani iliyotoka kutiwa mafuta.

"Oringi zimekaa," nikasema.

"Zimekaa," akasema.

Sitawachosha na safari. Kile kilima nilikipanda nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja, mwingine nikimpungia mwanangu kwenye kioo. Kilomita sabini na gari halikukata hata pumzi.

Kwenye maegesho ya chuo mwanangu alikuja mpaka dirishani. Nilijiandaa kuombwa radhi. Akapita mbele ya uso wangu, akanyoosha mkono upande wa pili.

"Hongera, Mama."

Nikajua ni hongera ya mjukuu kuhitimu. Kisha akanigeukia. "Haya, Baba. Ufunguo ni wako. Nimeshindwa."

Nilipokuwa natembea kifua mbele ndipo nikaziona kucha za mke wangu. Nyeusi tii.

"Mama! Siku ya mahafali? Watu wenye elimu hawa!"

Akazificha chini ya mkoba. "Nilikuwa natia mafuta cherehani."

"Alfajiri?"

"Ilikuwa inakohoa."

Ukumbini mjukuu wetu alitangazwa wa kwanza katika fani ya magari. Akapewa kipaza sauti. Akashukuru wahadhiri, wazazi, wenzake. Halafu akasema:

"Na kuna mtu mmoja hapa aliyenifundisha kabla ya chuo hiki. Aliyenipa spana ya kwanza, nikiwa mdogo siwezi hata kuishika vizuri."

Nikafunga kifungo cha koti. Nikaanza kusimama taratibu, kwa unyenyekevu.

"Alinichukua, akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni kwangu, akaniambia, 'Sikiliza, inayougua haisemi.' Naomba asimame. Bibi yangu."

Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimefika nusu. Si kusimama wala kukaa. Nikainama nikaanza kutafuta miwani chini ya kiti. Miwani ilikuwa usoni.

Nje, watu wanapiga picha, nikaona ni lazima niokoe kilichobaki. Nikamwita mjukuu na wenzake wanne wenye majoho. "Njooni muone kitu ambacho vitabu vyenu havina." Nikatoa leso.

"Hii," nikasema, "ni nozeli ya akiba. Injini ya gari langu ina tano."

Wenye majoho wakatazamana.

Mjukuu akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga. "Babu, hii imekufa. Ndiyo iliyokuwa inalifanya gari limisi."

"Haiwezekani. Hiyo ni namba moja, nzima kabisa. Niliifunga kwa mkono wangu."

"Babu, hapa umeandika tatu."

Nikavua miwani, nikavaa tena.

Wino mweupe. Mwandiko wangu. Tatu.

Tatu nilikuwa nimeifunga ndani ya injini Ijumaa alasiri, kwa spana yangu, nikaibana kwa bolti. Na sasa ilikuwa kwenye leso yangu, ndani ya koti langu. Na namba moja haikuwepo. Na gari lilikuwa limepanda kilima.

Nikainua macho. Mke wangu alikuwa ananitazama. Mikono nyuma.

Wadau, mimi si mjinga. Nachelewa, lakini nafika.

Tulirudi nyumbani. Kilomita sabini. Injini peke yake ndiyo iliyosema, na niliisikia kwa mara ya kwanza: nne, zote, kila moja kwa zamu yake.

Nilipozima mbele ya nyumba nikauliza nikiwa natazama usukani.

"Ile ya tano uliipata wapi?"

"Kwa Profesa. Nilitaka kuibadilisha na tatu wakati unanawa. Ukarudi mapema."

"Sabuni iliisha."

"Sabuni iliisha," akasema kwa uchungu, kama anayetaja adui.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu redio."

Redio ni ukurasa wa kwanza.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Redio ile ulipoifunga ikawa haiongei, nikakuambia waya umeuacha nje. Ukaninunia siku tisa. Siku hiyo hiyo nilitia waya mwingine, redio ikaongea, ila wewe huongei. Nikaona afadhali siku nyingine muwe mnaongea nyote wawili."

Siku tisa nilizikumbuka. Nilikuwa nimeziandika moyoni kama za mke wangu kuninunia mimi.

"Lakini wewe umejulia wapi?"

"Miguu yangu iko kwenye cherehani miaka arobaini na mitano, Baba. Kitu kinachozunguka nikikisikia najua kinapoumia."

Jumapili asubuhi alileta kopo la biskuti, lile la vifungo na nyuzi. Nalijua kopo hilo. Nimeshaligonga kwa mguu mara mia. Akamimina mezani.

Chini ya vifungo kulikuwa na vipande. Kila kimoja kimefungwa uzi na kijikaratasi. Waya wa redio. Koili ya pasi. Springi ya saa. Vipete vya bomba la jikoni, vinne.

Nikaenda kuchukua Daftari la Matengenezo na kalamu, ile ya chini ya gari.

Mtajua aibu ilinishika kiasi gani mkijua kwamba sikuwahi, maisha yangu yote, kulisahihisha daftari lililokwisha kufungwa. Lakini kilicho stoo lazima kiwe daftarini. Sijui kuishi vinginevyo.

"Soma," nikamwambia.

"Koili ya pasi."

Nikatafuta ukurasa. Nikakata "Mimi". Nikaandika "Mke wangu".

"Springi ya saa."

Nikakata. Nikaandika.

Tulianza baada ya chai, tukamaliza saa sita. Ndani ya nyumba vilibaki vyangu vitatu: balbu mbili na kitasa. Kitasa nacho akataka kukileta kwenye mjadala, nikamwomba aniachie.

Halafu mezani kikabaki kimoja. Fyuzi. Ndogo, nyekundu, nzima kabisa, uzi umechakaa kwa kufungwa na kufunguliwa.

Nikapekua daftari lote. Haimo.

"Mama, hii imezidi. Ni ya nini?"

Akaanza kurudisha vifungo kwenye kopo, kimoja kimoja.

"Ya pampu ya mafuta. Ya gari."

"Iliungua lini?"

"Haijaungua. Niliichomoa jana usiku, uliporudi umechoka. Unakumbuka ulipokuwa na homa ukang'ang'ania kwenda mjini, gari likakataa kuwaka?"

Nakumbuka. Nililitukana.

"Na ile siku ya mvua kubwa, macho yakikuuma?"

Nakumbuka. Lilikataa, na kesho yake likawaka kabla sijaligusa. Daftarini niliandika: "Tatizo: halijulikani. Fundi: Mimi."

"Na ile..."

"Inatosha, Mama."

Miaka yote hiyo nilipigania ufunguo. Nililala nao chini ya mto. Nilibishana na mwanangu kama mawakili wawili. Na ufunguo kweli ulikuwa wangu.

Ruhusa ilikuwa kwenye kopo la biskuti.

Vyeti vyangu bado viko ukutani. Sivishushi, nilivisomea. Ila nimegongelea karafu kadogo kando yake, usawa wa macho ya mgeni, kopo likae hapo. Profesa alipokuja kunywa maji akalitazama, akanitazama, akasema, "Sasa umeufikia ukurasa, mzee." Nikamkaribisha kiti.

Na gari naendesha mpaka leo. Asubuhi nikishika ufunguo nauliza kwanza, kama natania, "Mama, leo litawaka?" Akisema litawaka, linawaka.

Funzo langu kwenu, hasa nyie wanaume wenye vyeti, ni hili. Ukifungua injini, hesabu vitu vyako kabla na baada. Na ukikuta kimoja kimezidi, usiingie chini ya gari kwa saa tano kutafuta tundu lake.

Inua kichwa, utazame dirishani.